Mama Mkwe Kwenye Pantoni

Watu wa Dar wakisikia natoka Tarime huwa wananiuliza mambo mawili: kama nimewahi kumkata mtu panga, na kama naogopa maji. La kwanza nilikuwa siwajibu, wabaki na wasiwasi wao. La pili nilijibu kwa kiburi. Mimi ni mtoto wa Matongo, bwana, nimevuka Mto Mara nimeshika mkia wa ng'ombe huku mamba wananiangalia, sasa hako kabahari ka dakika kumi katanifanya nini? Siku ya kwanza nilipopanda pantoni kwenda Kigamboni nilikumbatia nguzo ya chuma mpaka tukafika. Dada mmoja aliyekuwa anamung'unya ubuyu akaniuliza, "Kaka, unaumwa?"

Nilizoea, lakini. Nilikuwa fundi wa kuchomelea mageti, nyumba yangu ya kupanga iko Kigamboni, wateja wengi wako mjini, kwa hiyo nilivuka asubuhi na jioni miaka minne mfululizo. Cheche ziliniachia makovu mikononi mpaka kwenye viwiko, na pantoni ikaniachia dharau kwa binadamu. Mnafungiwa kwenye banda la kusubiria, mmesimama mmebanana, kila mtu mstaarabu, kila mtu anajifuta jasho kwa leso. Geti likifunguliwa tu, ustaarabu kwisha. Nimeona bosi mwenye tai akikimbia na viatu mkononi. Nimeona mchungaji akimpiga kumbo bibi kizee, kisha akageuka na kumwambia Bwana asifiwe. Na wote mnapanda chombo kile kile na kufika saa ile ile!

Kubanana huko ndiko kulikonitia matatani, kwa sababu ya mama mkwe.

Niwaeleze wale ambao hawajaoa kwetu. Mama mkwe humpi mkono. Hukai naye benchi moja, huli naye, humtazami usoni, na yeye halali kwenye nyumba yako hata mvua inyeshe mawe. Mkikutana njiani mmoja anaingia porini. Unamwamkia shikamoo kwa mbali, ukiangalia vidole vya miguu yako. Na kumgusa, ndugu yangu, huko usifike kabisa. Wazee watakaa kikao, mbuzi atachinjwa, na wewe mwanamume utakula nyama na kusahau. Aibu itabaki kwa mama wa watu. Itamfuata kisimani, itamfuata kanisani, wanawake wenzake watanyamaza kila akikaribia. Kwetu huo si mzaha, hata kama mimi nautania.

Mke wangu anatoka Busawe, ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti. Mimba yetu ya kwanza ilipofika miezi minane presha ikampanda, miguu ikavimba, akalazwa hospitali ya huko huko Kigamboni. Daktari akasema lazima afanyiwe upasuaji. Mke wangu akakataa kusaini. Dada yake alikwenda kujifungua kwa kisu na hakurudi, na mama yao alikuwa shambani, hakumuona. "Mama yangu aje kwanza," aliniambia. "Nimuone kwa macho yangu, ndipo wanikate." Nikambembeleza, nikafoka, nikalia. Wapi! Kichwa cha mtu wa Busawe ni jiwe.

Mama akapandishwa basi. Asubuhi linaingia stendi, ndiyo asubuhi daktari anaondoka kwenye kitanda cha mke wangu amekunja uso, akisema hii ni leo, tena mapema. Simu ya mama ilikuwa imeishiwa chaji njiani. Ndugu wa kumpokea sina. Jirani mmoja wa kwetu alikuwa zamu ya ulinzi, mke wake ndiye aliyekuwa anamuangalia mgonjwa. Nikabaki mimi, mkwe.

Nilimtambua kwa mbali, amejitanda khanga mpaka kwenye nyusi, kikapu kichwani. Nikasimama hatua kumi, macho chini. "Shikamoo mama." Akaitikia huku anatazama tairi la basi. Kuanzia hapo tulisafiri kama watu waliokosana: yeye kwenye bajaji, mimi kwenye bodaboda mbele, dereva wa bajaji akiambiwa amfuate yule jamaa mwenye shati la bluu. Daraja lipo, najua, lakini ni kuzunguka, na foleni ya asubuhi ile ilikuwa imesimama kabisa. Pantoni ilikuwa ndiyo njia ya haraka.

Tulipofika bandani mama akaona lile kundi la watu, akasimama. Akaiambia hewa, "Mkwe wangu atangulie. Mimi nitapanda inayofuata."

Inayofuata! Na kusubiri kwake si chini ya nusu saa, na akishuka peke yake upande wa pili ataniuliza kwa nani? Nikatazama huku na huku. Pembeni alisimama mama mmoja muuza samaki, mnene, mrefu, ametoka kununua samaki sokoni Feri, ndoo kichwani. Nikamwambia, "Mama, naomba usimame katikati yetu."

"Makubwa! Kwani mmegombana?"

"Hatujagombana. Ni mkwe wangu."

"Sasa mkwe ndiyo asikusogelee? Mie wangu tunakula sahani moja na nyama ananinyang'anya!" Akacheka mpaka maji ya samaki yakanimwagikia begani. Lakini akakubali. Tukaingia hivyo, mimi mbele, ndoo ya samaki katikati, mama mkwe nyuma ameshika upindo wa khanga ya yule mama.

Pantoni ikang'oa nanga. Watu wametubana kila upande, na mama mkwe wangu yuko umbali wa mkono mmoja, anazungumza nami kupitia muuza samaki.

"Muulize huyo baba, mwanangu anaendeleaje?"

"Anauliza mwanawe anaendeleaje."

"Mwambie amekataa kusaini mpaka amuone."

"Amesikia, baba, si kiziwi! Jamani, mtaniua kwa kicheko leo."

Simu yangu ikaita. Alikuwa mke wangu, pumzi zinakatika. "Mpe mama." Nikampa muuza samaki, naye akampa mama simu ikinuka kibua, sauti imewekwa ya juu, na nusu ya pantoni ikanyamaza kusikiliza.

"Mama, uko wapi?"

"Niko kwenye maji, mwanangu. Saini."

"Sisaini."

"Saini, nakuja!"

"Na dada ulimwambia unakuja."

 Khanga ilimteleza mama kichwani na hakuirudisha. Kisha sauti ya nesi ikaingia: "Nyie mlioko huko, fanyeni haraka. Presha haishuki." Simu ikakatika, na kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, mama aliniangalia usoni. "Hiki chombo," alisema, "hakikimbii?" Muuza samaki naye aliacha kucheka. Nami niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa shimoni kwenye machimbo ya dhahabu ya Matongo, tena kule niliwahi kufukiwa na udongo mpaka kiunoni.

Mlango wa chuma uliposhushwa upande wa Kigamboni, kundi likafyatuka. Muuza samaki ni mwenyeji, alibebwa na wimbi la watu mbele, ndoo yake nikaiona inaelea juu ya vichwa mpaka ikapotea. Ukuta wetu ukawa umeondoka. Mama alifika pale chuma kinapokutana na zege, akaona maji yanapanda na kushuka kwenye ule mwanya, akaganda. Mtu akamsukuma. Akaanguka kwa magoti, kikapu kikaenda zake, viazi vitamu vya Busawe vikabingirika majini. Nyuma yake bodaboda zinaunguruma, magari yanawashwa, na watu wanamruka kama gogo.

Nilisimama. Lazima niseme ukweli, nilisimama. Nikamfikiria mbuzi, nikawafikiria baba wadogo wa mke wangu, nikamfikiria mama kisimani na wanawake watakaomnyamazia. Nikatafuta mtu wa kumshika badala yangu, mwanamke yeyote, na hakuna aliyegeuka. Ndipo nikaisikia tena ile "sisaini".

"Mama, nisamehe," nikasema, nikamshika mkono.

Nikavuta. Akainuka nusu, akayumba, akaning'ang'ania kwa vidole vyote. "Shika vizuri, mura," alisema kwa hasira, kama anayemkemea kijana wake, "usinivute kama ndama!"

Hatukuachiana. Tulikimbia hivyo kupita wauza chipsi na wapiga debe, tukaingia bajaji moja, magoti yanagongana, mkono wake ndani ya mkono wangu. Kwenye mlango wa wodi ndipo alipouachia. Akajifunga khanga upya mpaka kwenye nyusi, akanipa mgongo, akaingia. Kupitia kioo nilimuona mke wangu anamtazama, anamtazama tu, kisha akanyoosha mkono kuomba kalamu.

Tulisubiri yeye upande mmoja wa korido na mimi upande mwingine. Nesi alipotoka na kusema mtoto wa kike, wote wazima, mama aliligeukia dirisha akalia. Mimi nililia nikiwa nimetazama pipa la taka. Usiku ule alilala kwa jirani, kama inavyotakiwa.

Nilidhani yameisha. Kumbe yule mlinzi jirani yangu alikuwa anatoka zamu, akatuona barabarani, na mdomo wake haukuwahi kulinda kitu. Tuliporudi nyumbani kumpeleka mtoto akaonwe Busawe, habari ilikuwa imetutangulia kwa simu. Baada ya chakula baba mdogo wa mke wangu akakohoa, akasema wamesikia jambo, wanataka kulisikia kutoka kwa mama mwenyewe.  Wanawake walioshika sufuria wakaacha kusugua. Nikajiandaa kusimama niseme ni mimi, yeye hana kosa, nichinjeni hata mimi na huyo mbuzi.

Mama hakunipa nafasi. Alikuwa amempakata mjukuu wake, wala hakuinua uso.

"Nilianguka, ndiyo," alisema. "Niliyemshika ni mama mmoja muuza samaki. Huyo mlinzi ametoka kukesha, anajua aliona nini? Mwanamke mrefu, ana nguvu, alinivuta kama ndama. Bila yeye, mwanangu angekufa akiningoja, kama mwenzake." Akamfunika mtoto vizuri. "Mikono yake ilijaa makovu ya moto mpaka kwenye viwiko. Nadhani ni mafuta ya kukaangia."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Baba mdogo akasema Mungu ambariki mama huyo popote alipo, na ua mzima ukaitikia.

Mimi nilikuwa nimekaa kule karibu na mlango, mbali, macho chini, mahali pa mkwe. Nikaingiza mikono yote miwili mifukoni, nikasema amina.