Mabano Aliyoyafuta Mtaalamu

Shangazi yangu amekaa kwenye chumba cha kumbukumbu cha hospitali miaka ishirini na sita, muda wa kutosha kuwaona wakurugenzi saba wakija na kuondoka, kila mmoja akiahidi kupaka rangi ukuta ule ule. Wagonjwa wanamwita Mama Kadi. Enzi za karatasi, mgonjwa akifariki, alichukua kalamu nyekundu, akapiga mstari kwenye kona ya kadi, akanyamaza kidogo, kisha akairudisha kabatini. Hakuna aliyemwagiza anyamaze. Kazi hiyo haikuwamo kwenye mkataba wake.

Kompyuta zilipoletwa, wenzake walikaa mkao wa kula wakisubiri aaibike. Akawanyima raha hiyo. Hospitali ilichukua programu ya bure ya hifadhidata, ile inayoandikwa kwa pamoja na watu wa kila pembe ya dunia na kuachwa wazi kwa yeyote. Kwangu mimi hiyo ni heshima kubwa kwa binadamu; kwa wakubwa wa hospitali, kitu cha bure kina hatia tangu kinapoingia mlangoni. Shangazi aliusoma mwongozo wake ukurasa kwa ukurasa, miwani imefungwa uzi. Hatimaye akaandika swali la kuulizwa hifadhidata kila Jumatatu: nitolee wenye (sukari AU presha) NA walio hai. Majina yaliyotoka yalitumiwa ujumbe wa simu kukumbushwa kliniki.

Ndipo akaajiriwa Mtaalamu. Viatu vyake vilichongoka, na ulimi wake pia. Alilitazama lile swali, akacheka.

"Mama, mabano haya ya nini? Kompyuta siyo mtoto wa chekechea."

"Usiyaguse, mwanangu. Yana kazi yake."

Akayafuta, akaandika kwenye ripoti kwamba mfumo "umesafishwa". Kupima hakupima. Apime vipi, msomi mzima?

Jumatatu ujumbe ukaenda: "Hujafika kliniki. Usipofika Jumatano, utafutwa kwenye orodha." Jumatano asubuhi mzee mmoja, fundi viatu, aliingia ameshika simu ya mkewe.

"Mke wangu nilimzika mwaka jana," alisema. "Nimekuja kuuliza: mnataka kumfuta mara ya pili?"

Familia arobaini na tatu zilikuwa zimepata ujumbe kama huo.

Mkurugenzi alichukua hatua za haraka, yaani alitafuta wa kumtwika mzigo. Mtaalamu, bila kupepesa macho, alimweleza kwamba programu ya bure ni mbovu, na kwamba mama mwenyewe ameshazeeka. Mchana barua ikatoka: kuanzia wiki ijayo shangazi ahamie stoo ya mashuka. Miaka ishirini na sita ilitosha kwenye nusu ukurasa, na nafasi ya mhuri ikabaki.

Shangazi hakulia. Aliomba dakika kumi. Aliingia ofisini kwa mkurugenzi na rundo la kadi za zamani, akazitandaza mezani mbele yake na Mtaalamu.

"Baba, nisaidie. Niokotee kadi zote za sukari, au za presha zisizo na mstari mwekundu."

Mkurugenzi akaokota. Za sukari alizikusanya zote. Za presha alikagua kona moja moja, kwa umakini ambao mafaili yake hayajawahi kuuona. Mtaalamu akawa anatikisa kichwa kukubali.

"Hapo umeshika marehemu watatu," shangazi akasema.

"Si umesema za sukari zote!"

"Ndivyo nilivyosema. Na kompyuta iliambiwa hivyo hivyo. Pasipo mabano, NA hufanywa kabla ya AU, kama kuzidisha kunavyotangulia kujumlisha. Sharti la uhai likabaki kwa wa presha tu. Wa sukari wakapita wote, na marehemu wao."

"Lakini hiyo programu..." Mtaalamu alianza.

"Imeandikwa kwenye mwongozo, mwanangu. Nao ni wa bure. Hata wewe unaruhusiwa kuusoma."

Mkurugenzi alizitazama kadi mkononi mwake, akaziweka chini polepole. Uhamisho ukafutwa kwa barua mpya iliyosema kulikuwa na "hitilafu ya mfumo". Shangazi akairudisha, kwa kuwa mfumo haukukosea. Ya pili ikasema "kutoelewana kati ya watumishi". Akairudisha pia.

"Mama Kadi, unataka nini hasa?" mkurugenzi akafoka. "Kiti chako si umepewa?"

"Nataka faili langu liseme kweli. Nitakapoondoka, litabaki hilo."

Ya tatu ilikuwa na mstari mmoja tu: mtaalamu aliondoa mabano bila kupima, na mtunza kumbukumbu hana kosa. Akaisoma mara mbili, akatia sahihi, akaomba nakala.