Taa ya Matumbawe na Meno ya Afande

Mimi ni mtu wa picha. Studio yangu iko Tororo mjini, na kama kuna kitu ninachoweza kujisifia mbele za watu bila haya, ni taa. Naijua taa inayomfuta bibi harusi chunusi, na naijua taa inayomfanya mwizi afanane na mchungaji. Kwa hiyo binti yangu anayefanya kazi Mombasa aliponiletea tangi la kioo lenye maji ya chumvi, samaki wawili wa rangi ya chungwa na vipande vya matumbawe hai vilivyokuzwa na rafiki yake, nikasema sasa nimefika. Wenzangu wa Busia wana mapazia yaliyochorwa maporomoko ya maji na ndege. Mimi nitawapiga watu picha mbele ya bahari yenyewe!

Bahari yenyewe ilikataa. Matumbawe, mnielewe, ni wanyama wadogo wadogo wanaoishi wamegandamana kama jiwe, na binti yangu aliapa kwamba huko yalikotoka yalikuwa ya kijani na zambarau. Kwangu yalikuwa na rangi ya uji wa muhogo uliolala. Mteja wa kwanza kuketi mbele yake na mkewe aliitazama picha, akaniuliza kwa nini nimewaweka karibu na karai la vyombo.

Hapo ndipo nikamwita afande.

Afande alikuwa mgane, mwanajeshi mstaafu. Alikuwa fundi umeme wa kambi kule Rubongi, sasa analima kwao Kisoko. Mara ya kwanza alikuja kupiga picha ya pasipoti. Nikamwambia ninavyomwambia kila mtu, "Mzee, fumba mdomo, tazama hapa," nikabonyeza, akaenda zake. Baada ya hapo akaanza kupitapita. Leo anatafuta bahasha, kesho anauliza saa, na saa anayo mkononi. Mimi nilifiwa na mume zamani, moyo wangu ulikuwa umeshakunja mkeka. Mtu huyu akaukunjua bila hata kupiga hodi. Nilimtaka, sifichi. Nilichokuwa nasubiri ni yeye aseme neno. Lakini kila akitaka kusema anaweka kiganja mdomoni, na maneno ya maana yote yanabaki nyuma ya kiganja. Nilidhani ni adabu ya jeshi.

Nyuma ya kiganja kulikuwa na pengo, na nilikuwa nimeshaliona. Watu wa rika lake huku kwetu waling'olewa meno ya mbele ya chini wakiwa wadogo. Ndiyo ilikuwa desturi, Kisoko kwao na Lumino kwetu, na yeye alikuwa wa mwisho mwisho kabla haijaachwa. Baba yangu mzazi alikuwa nalo hilo hilo. Akicheka, ulimi nao unatoka kuona kuna nini. Kwangu mimi uso wenye pengo hilo ni uso wa nyumbani, lakini nani aliniuliza?

Basi, afande akatazama tangi, akatikisa kichwa. "Mama, hii taa iko dogo. Hii mawe inataka mwanga ya nguvu." Akaja na taa kubwa nyeupe, zile za kumulika lango la kambi usiku. Haikupita wiki, matumbawe yakanywea, yakapauka kama mfupa ulioachwa na mbwa, na samaki wakahamia nyuma ya pampu kabisa. Nilipandwa na hasira. "Afande, unafuga matumbawe ama unalinda ghala la silaha?"

Nikaitoa ile taa nikaweka yangu, ya studio, ya manjano, laini, na mwavuli wake wa kutawanya mwanga juu. Si nilisema naijua taa? Salaala! Kioo kikaota mwani kila upande, maji yakawa kama kisima cha ng'ombe. Afande akainama akachungulia, kiganja mdomoni. "Mama, sasa tunaweza panda mchele."

Nilitamani kumrushia mwavuli. Lakini wiki hiyo alikuwa amekuja kila siku kukagua, na kila siku nilikuwa na chai tayari. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sisi wawili tuliendelea kuchagua jembe, na mimi sikuona haraka ya kulima.

Aliyetukatiza ni binti yangu. Nilimtumia picha, akapiga simu akigomba kama yeye ndiye aliyenizaa. Akanieleza kwamba ndani ya matumbawe mna vijimea vidogo mno vinavyoyapikia chakula kwa mwanga. Chini ya bahari mwanga unaofika kwa wingi ni wa buluu, basi buluu ndiyo iwe nyingi, ndiyo inayoyalisha na ndiyo inayoyafanya yatoe rangi yake. Nyeupe iwashwe saa chache tu. Mwanga mkali wa ghafla unayaunguza, na huu wangu wa manjano unanenepesha mwani. Kisha akasema, "Mama, anza chini, panda polepole." Nilipokata simu nikamtazama afande, nikafikiri kwamba huyo naye amekuwa akipanda polepole mno.

Taa mpya, yenye buluu na nyeupe, ikatumwa kwa basi mpaka Busia, nikaenda kuipokea. Mtu wa forodha akaigeuzageuza, akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya kuotesha mawe. Akanitazama kuanzia kilemba mpaka viatu, akasema, "Mama, pita."

Afande akaifunga juu ya tangi. Kila Jumamosi alikuja kuiongeza nguvu kidogo, na kila Jumamosi matumbawe yalifunguka kidogo. Kwanza ncha za kijani, halafu zambarau pembeni, halafu kipande kimoja nilichodhani kimekufa kikatoa vidole. Nilifurahi kama nimepata mjukuu.

Jumamosi moja akaja amevaa shati jeupe jipya. Kiganja hakikuwa mdomoni. Alitabasamu, nikaona meno yamejaa juu na chini, yamepangwa kama mahindi ya mbegu. Meno ya bandia! Alikuwa akiongea kwa uangalifu, kila herufi ya S inapiga filimbi.

"Mama," akasema, "leo nilikuwa nataka kukuuliza kitu."

Nikasema jambo kama hili linataka mwanga wake. Nikavuta mapazia, nikazima nyeupe, nikawasha buluu mpaka mwisho. Mungu wangu, mngeona! Matumbawe yaliwaka kijani kama makaa ya nchi nyingine. Nikageuka kumtazama afande. Shati lake lilikuwa linawaka. Meno yake ya juu yalikuwa yanawaka. Meno ya chini, yale mapya, yalikuwa yamezimika kabisa, meusi tii. Taa ile huyawasha meno ya kuzaliwa. Ya dukani haiyatambui. Lile pengo lilikuwa limerudi mahali pake, na juu yake mtu mzima anatabasamu kwa kujiamini.

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika meza. Akajiona kwenye kioo cha tangi. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, na afande akachutama kwa kiganja chake, akarudisha kila kitu nyuma yake. "Nakwenda," akasema, na kweli akaenda.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine. Matumbawe yalinawiri, wateja wakaanza kupanga foleni, na mimi nikawa nawafokea wote. Nilijichukia, nikamchukia yeye, nikaichukia buluu. Mwisho nikaikumbuka bisibisi yake aliyoisahau juu ya tangi, nikapanda bodaboda mpaka Kisoko. Watu waseme wapendavyo, nilikuwa narudisha bisibisi.

Nilimkuta anapalilia muhogo. Alipoona ni mimi, kiganja kikapanda.

"Afande, ondoa huo mkono! Nilikukosea, nilicheka vibaya. Lakini nani alikutuma ukanunue meno?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Siku ya kwanza. Uliniambia, mzee, fumba mdomo."

Nilibaki nimeshika bisibisi. Muda wote huo! "Afande, ile ni sheria ya pasipoti! Kila mtu anafumba. Mapadri nimewafumbisha. Watoto wachanga nawafumbisha!"

Akafikiri. "Hata watu iko na meno yote?"

"Hao ndio wasumbufu kuliko wote, wanataka kuyaonyesha."

Akatazama muhogo wake, kisha akatoa leso mfukoni, akaifunua. Meno yalikuwa humo. "Beberu yangu mzima nimeuza, ameingia hapa," akasema, "na hata kutafuna nayo siwezi." Akaanza kucheka. Kiganja hakikupanda. Nikauona ulimi ukitoka kuona kuna nini, na mimi machozi yakanitoka pale pale kati ya mihogo, kwa sababu miaka yote tangu baba afe sikuwa nimeuona mchezo huo.

Jumamosi akaja. Nilimkalisha mbele ya tangi, meno yakiwa kwenye leso. Akauliza, "Taa gani, mama, nyeupe ama buluu?"

"Zote," nikasema, nikashika kamera. "Na afande, fumbua mdomo."

Akaufumbua. Nilidhani atacheka. Badala yake akaniuliza lile alilotaka kuniuliza, na kidole changu kikabonyeza kwa mshtuko.

Picha hiyo ndiyo kubwa kuliko zote studioni. Nyuma matumbawe yanawaka kijani, mbele mzee mwenye pengo amekamatwa katikati ya neno. Wateja huniuliza alikuwa anasema nini. Nawaambia wamuulize mwenyewe, yuko nyuma pale anabadilisha maji ya samaki.