Nilivyomfisha Mzee Dekow

Habari hii nimeisikia ikisimuliwa na watu wengine mara nyingi, hotelini, kwenye foleni ya benki, na siku moja na dereva ambaye hakujua kuwa abiria wake ndiye mwenyewe (nilimwacha amalize, alikuwa anaisimulia vizuri), na kila msimulizi ana yake ya kuongeza, kwa hiyo afadhali niiseme kwa mdomo wangu. Ni mimi, mkutubi wa maktaba ya umma hapa Garissa, niliyetangaza kifo cha mzee aliyekuwa hai na mzima. Nilikitangaza kwa nia njema kabisa, kwa picha moja, kabla ya chai ya saa nne.

Mimi ni mtu wa Kitui, nimeletwa Garissa na kazi, na huo ulikuwa mwaka wangu wa tatu. Tulikuwa tumeandikishwa kwenye mafunzo ya wakutubi, yote kwa mtandao, tukifundishwa namna ya kutumia vifaa vya bure vya mtandaoni kwa huduma za maktaba: fomu ya kuagiza kitabu kabla hujaja, orodha ya vitabu vipya inayofunguka kwenye simu, ukurasa wa maktaba wa kuwapa watu habari, na somo lililoniingia mimi kuliko yote, kuhariri picha. Hapo awali ukurasa wetu ulikuwa na picha tatu, na mbili kati ya hizo zilikuwa za lango likiwa limefungwa. Basi nikajifunza kung'arisha, nikajifunza kukata pembeni, nikajifunza kuondoa kitu kwenye picha kana kwamba hakikuwahi kuwapo, na hapo ndipo nilipoharibika, kwa sababu nilianza kuondoa kila kitu: nyaya ukutani, ndoo ya kupigia deki, mbuzi aliyeingia uani siku ya kutembelewa na wanafunzi. Nilijiona mkono wangu umekuwa mwepesi.

Sasa Mzee Dekow. Huyu ni mfanyabiashara wa mifugo aliyestaafu, mrefu, mkavu, mwenye ndevu zilizotiwa hina zikawa nyekundu kama ndevu za wazee wengi wa hapa, na kwa miaka mingi kuliko umri wangu kazini alikuwa akija kila asubuhi kusoma magazeti, akianzia ukurasa wa mwisho. Alikuwa pia kwenye kamati ya maktaba. Wiki hiyo alikuwa ameaga kamati, akisema amechoka na mikutano na anataka kwenda Buna, mbali huko kaskazini, kukaa kidogo na binti yake na ngamia zake, akasafiri. Bi Halima, mkuu wetu, alikuwa Nairobi kikazi, akanipigia simu akaniambia, "Weka kitu kizuri kwenye ukurasa, cha kumshukuru Mzee." Alisema hivyo tu.

Picha nilikuwa nayo, nilimpiga siku ya kuaga, lakini taa zetu zina ukijani fulani na kuta zetu ni za kijani, na Mzee alitoka kama mtu mwenye homa ya manjano. Nikarekebisha rangi ya uso, ndevu zikawa za zambarau. Nikarekebisha ndevu, uso ukawa wa majivu. Nilihangaika hivyo karibu saa nzima (huku wasomaji wawili wakisubiri kurudisha vitabu, Mungu anisamehe), mwisho nikaamua uamuzi mdogo, wa kubonyeza mara moja tu: nikaifanya nyeusi na nyeupe. Na kwa kweli ilipendeza. Mzee akawa na heshima kama ya mtu wa kwenye noti. Kisha nikaona nyuma yake kuna rafu na chupa ya maji, nikaviondoa, pakabaki patupu, na kile kifaa kikaniletea mandhari ya kuchagua, nikachagua mawingu yenye mwanga unaopenya katikati, kwa sababu yalikuwa ya kwanza kwenye orodha. Chini nikaandika jina lake kamili, halafu mwaka alioandikishwa uanachama, kistari, na mwaka huu. Halafu nikaona kuna nafasi, nikaongeza: "Umefanya kazi yako. Sasa pumzika, Mzee wetu."

Naomba mniamini, sikuona kitu. Niliitazama mara tatu kutafuta makosa ya tahajia.

Nikaituma kwenye ukurasa na kwenye kundi la simu la wasomaji wetu. Dakika chache baadaye nikachungulia nikaona emoji za kulia, nyingi, zimepangana, nikafurahi kwamba watu wameguswa. Kabla sijasoma maneno, stima ikapotea, na stima ikipotea mtandao wa maktaba huondoka nayo, na simu yangu mwenyewe nilikuwa nimeimaliza chaji kwa kuhariri. Nikaenda kupanga vitabu.

Wa kwanza kuja alikuwa Mama Rukia, anayeuza maziwa ya ngamia na chai mkabala na lango. Hajawahi kuingia ndani ya maktaba hata siku moja. Alisimama mlangoni akiwa amevua viatu, jambo ambalo hatumwombi mtu.

"Bole sana, madam," akasema.

Nikamshukuru. Nilidhani ananipa pole kwa stima.

"Ni kweli Mzee Dekow ametuacha?"

"Ndiyo, Mama, ametuacha," nikasema.

"Alikuwa mgonjwa?"

"Wala hakuwa mgonjwa. Alisema tu amechoka, anataka kupumzika."

"Alisema yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe, hapo hapo ulipo, tena alikuwa anatabasamu."

Akajifuta macho kwa ncha ya shela. "Huyo Mungu anampenda," akasema. Nami nikakubali kuwa Mungu anampenda, nikamwambia sote tutamkosa lakini ndiyo maisha, akaondoka. Kwa hiyo msije mkasema ni picha peke yake. Picha ilianzisha, lakini aliyethibitisha ni mimi, kwa sauti yangu, na Mama Rukia anauzia chai nusu ya mji.

Wakaja wazee wawili wakauliza kama atabaki Buna au ataletwa. Nikawaambia nijuavyo mimi atabaki Buna kwa muda, wakatazamana. Akaja mwalimu mmoja akaandika jina lake kwenye daftari la wageni, na chini yake mistari miwili kwa Kisomali ambayo sikuielewa. Mimi naona siku imechangamka, stima hakuna na bado watu wanakuja maktaba.

Saa nane hivi likaingia gari la shirika moja la misaada lenye vumbi jekundu la barabara ya Dadaab, akashuka mwanamume wa makamo ambaye nilimfahamu kwa sura, Abdinoor, mwana wa Mzee Dekow, anayefanya kazi huko. Hakunisalimia kwa kirefu.

"Madam, nani amekupigia simu?"

"Kunipigia kuhusu nini?"

"Kuhusu aabo. Baba yangu. Simu yake haishiki tangu jana, ya dada yangu pia haishiki, Buna mtandao umeanguka. Wewe umejua kupitia nani?"

Nikamuuliza nimejua nini. Akanipa simu yake. Na ile picha niliyoitazama mara tatu nikaiona sasa mara ya nne, ikiwa mkononi mwa mtoto wa mtu: weusi na weupe, mawingu, miaka miwili na kistari katikati, pumzika. Chini yake mamia ya watu, Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, mmoja baada ya mwingine, kutoka hapa, kutoka Elwak, kutoka nchi ambazo majina yake nayajua kwa ramani tu.

Nikamwambia hajafa. Nikamweleza habari ya ndevu na rangi na kamati, kwa haraka, bila mpangilio, na nadhani nilitaja hadi taa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio uliniumiza:

"Umeongea naye leo?"

"Hapana."

"Jana?"

"Hapana."

"Kwa hiyo hujui kama yuko hai."

Mzee wa umri ule, safari ndefu vile, simu haishiki. Nilichokijua mimi ni kwamba sikukusudia kusema amekufa, basi. Nikavuta kiti cha wasomaji nikakaa.

Abdinoor akanigawia mtandao wa simu yake, nikafungua kompyuta ndogo ya ofisi iliyokuwa na chaji kidogo, nikaifuta ile picha, lakini maji yalishamwagika, watu walikuwa wameihifadhi na kuisambaza, wengine wameiongezea dua kwa maandishi ya dhahabu. Akaniambia kaka yake mkubwa ameshatoka Elwak tangu saa tano na njiani hapatikani. Halafu akasema, "Twende nyumbani. Utamwambia hooyo mwenyewe." Hooyo ni mama. Nikafunga maktaba, nikapanda gari.

Nyumbani kwao mikeka ilikuwa imetandikwa tangu mlangoni, wanaume nje chini ya turubai, wanawake ndani. Nilipitishwa katikati ya wanawake kama sitini hivi, na Mama Rukia alikuwamo, akanipisha nafasi kwa heshima kwa vile mimi ndiye niliyeongea na marehemu mwisho. Mke wa Mzee, Eddo Sahra (eddo ni shangazi, ndivyo tunavyowaita akina mama wa umri wake), alikuwa ameketi ameegemea ukuta, macho makavu, mikono mapajani. Nikapiga magoti mbele yake nikasema yote. Mwanawe akawa anatafsiri, ingawa Eddo anaelewa Kiswahili vizuri. Nadhani alikuwa anawatafsiria wengine.

"Ni wewe umetengeneza bicha?" akauliza.

"Ni mimi, Eddo."

"Na hakuna mtu amekuambia amekufa."

"Hakuna."

Akafikiri. "Kwa nini umetoa hina?"

"Rangi ilinishinda, Eddo. Ilikuwa inatoka zambarau."

"Hiyo hina naweka mimi," akasema. "Kwa mkono yangu, kila Alhamisi. Nimeona bicha hana hina, nikasema kweli huyu wamemuosha tayari."

Hakunitukana, hakunifukuza. Alimwambia binti mmoja anipe chai, nikaishika ile glasi sikuinywa, na tukakaa hivyo wote pamoja, wafiwa na mimi, tukingoja simu, bila kujua kama tuko msibani au hatuko. Nje nilisikia wazee wakibishana kama watu waondoke au wakae. Mmoja alisema wakae tu, kwa vyovyote mbuzi wameshachinjwa.

Baada ya sala ya alasiri simu ya Abdinoor ikaita, namba asiyoijua. Alisikiliza, akaketi chini, akaweka sauti ya juu, akamnyooshea mama yake. Ilikuwa sauti ya Mzee Dekow, kwa simu ya mwenye duka fulani Buna, mtandao ukikatikakatika. Eddo Sahra akaongea naye kwa Kisomali kwa muda mrefu na kwa ukali, na baadaye Abdinoor aliniambia hakuna alichosema kuhusu kifo, alikuwa anamgombeza kwa kutochukua betri ya akiba. Wanawake wakaanza kumshukuru Mungu, mmoja akacheka, halafu wakacheka wengi, na wengine walikuwa ndiyo kwanza wanalia. Kisha Mzee akaniulizia.

"Madam," akasema, "nasikia nimekufa."

"Nisamehe, Mzee."

"Kijana wa duka amenionyesha bicha sasa hivi. Si mbaya. Lakini hiyo mawingu umetoa wapi? Huku Buna hakuna hata moja. Kama kwenu iko, tuma."

Watu wote wakasikia, ndani na nje. Ndiyo sentensi ambayo kila anayeisimulia habari hii huimalizia nayo, hata yule dereva.

Mimi haikuniishia hapo. Kaka wa Elwak alifika usiku, akakuta hakuna msiba, akaomba kuonyeshwa aliyehusika, wakamwambia nimeshakwenda. Bi Halima aliporudi kutoka Nairobi hakunifokea, alisema tu, "Nilikuambia kitu kizuri," akaandika kanuni akaibandika juu ya kompyuta: hakuna picha inayotoka bila macho ya watu wawili. Picha ya Mzee ilituzidi mbio. Kwa wiki nyingi watu walikuwa wakikutana naye sokoni wanashtuka, na ndugu mmoja wa mbali alituma salamu za rambirambi mwezi mzima baadaye, ikabidi ajibiwe na marehemu.

Mzee alirudi na kuendelea na magazeti yake. Siku moja aliniita mezani kwake akaniambia kwamba kuna mtu, mfanyabiashara mwenzake wa zamani, ambaye hawakusemezana miaka mingi kwa ajili ya ngamia mmoja, na mtu huyo siku ile alikuja chini ya turubai akalia mbele za watu. "Sasa ataninunia namna gani?" akasema. "Juzi amenisalimia." Aliniambia hivyo ili nijisikie nafuu, na watu wengi nao huniambia mambo yaliisha vizuri.

Mimi nikiambiwa hivyo huhesabu saa. Eddo Sahra alikuwa mjane kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, na saa zile hakuna wa kumrudishia. Siku hizi uso wa mtu siuhariri kabisa, akitoka kijani naye atoke kijani. Na kabla sijatuma picha ya mtu yeyote, huwa ninampelekea kwanza mtu wa nyumbani kwake aitazame, nikimkosa, picha inabaki kwenye simu yangu.