Ramani ya Mawe Meusi Niliyoitengeneza Kawangware

Hii aibu nimekaa nayo miaka mingi, na mke wangu hupenda kuwasimulia wageni hata kabla chai haijapoa, kwa hivyo leo acha niiseme mwenyewe, tena yote, maana yeye huruka pale ninapojitetea.

Ilikuwa miaka ya tisini, mimi fundi wa mjengo, naishi Kianda pale Kibera, na Mzee Karanja, mwenye ploti kule Kawangware, alikuwa amenipa kazi ya kuwachimbia wapangaji wake choo kipya. Tukachimba, mimi na jamaa anaitwa Shikuku, na tulipofika kina cha kiuno hivi, sururu ikaanza kutoa mawe meusi yanang'aa kama kioo, membamba, yana makali (moja lilinikata kidole nikadhani ni wembe). Shikuku akasema tumwite mtu anayejua mambo hayo. Nikamwambia, "Tumwite nani, na mimi niko hapa?"

Hapo ndipo nilijiharibia.

Shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba watu wa kale walitumia visu vya mawe, na hayo masomo kidogo ndiyo yalinipa kichwa kikubwa. Nikachagua mawe makubwa, yale mazuri, vipande vidogo nikavitupa na udongo nyuma ya ua wa mabati, halafu nikayasugua hayo makubwa kwa brashi ya waya, nikamwaga simiti, nikayapanga ndani yake kama ramani ya Kenya, na juu nikapaka vanishi mara mbili (nisameheni, nilidhani huo ni ufundi). Mzee Karanja akaipenda sana. Tukaisimamisha kando ya geti, nikaandika chini kwa msumari: MAKUMBUSHO. Na jina langu, ndiyo, kwa herufi kubwa.

Basi sifa zikanipanda. Nikaenda mjini kwenye ofisi ya watu wa mambo ya kale, nikaacha barua kwamba mtaalamu wa Kawangware anawakaribisha, na wao wakajibu watakuja Jumamosi. Nikaalika kwaya yetu nzima ya kanisa, wakatembea kutoka Kianda na yale majoho yao, wapangaji wakatoa viti nje, Mzee Karanja akavaa koti.

Akaja mama mmoja mfupi, viatu vimejaa vumbi, hana makuu, anaitwa Madam Mumbua. Nikamweleza kwa sauti ya mtangazaji wa redio: hii ni ya miaka milioni, hii ilikuwa ya mfalme (mfalme gani, hata mimi sijui). Akainama mbele ya ile ramani, akaipitia jiwe kwa jiwe mpaka kwaya ikaanza kukohoa, kisha akaweka kidole pale Mombasa.

"Fundi," akasema polepole, "hii ni ya chupa ya bia."

Na kweli, chini ya vanishi kulikuwa na herufi mbili za kampuni. Watu walicheka mpaka viti vikalia, na yule jamaa wetu anayeimba besi akaniuliza, "Na kifuniko ulikipeleka wilaya gani?" Mzee Karanja alitazama chini, akaanza kufungua vifungo vya koti.

Yeye Madam hakucheka. Akasema mengine yote ni ya kweli, yamechongwa na mkono wa mtu, na angependa kujua zamani gani. Yalikuwa kina gani? Udongo rangi gani? Kulikuwa na jivu, mifupa? Lipi lilikuwa karibu na lipi? Kila swali jibu langu ni lile lile, "Sikuangalia." Akanionyesha kwenye makali kwamba jiwe lililokata ngozi au nyama hubaki na alama ndogo ndogo, na hapa zilizoonekana ni za brashi yangu.

"Basi nipeleke kwa shimo," akasema.

Shimo lilikuwa tayari ni choo, na ndani kulikuwa na mtu. Tukasimama hapo, mimi, Madam, mzee, kwaya na majoho yao, mama mmoja mpangaji akafungua mlango, akatuona, akafunga tena.

Nilitamani ardhi inimeze, lakini Madam akauliza tu udongo ulienda wapi. Nikamwonyesha nyuma ya mabati. Akaomba chekeche ya unga, akapiga magoti kwa ule uchafu na sketi yake safi, akaanza kuchekecha. Saa nzima. Vile vipande nilivyotupa akavishika kimoja kimoja kwa kingo, akavitia kwenye karatasi na kuandika, huku akitueleza kwamba ni mabaki ya mtu aliyekuwa akichonga hapo hapo. Kwaya wakaacha kucheka. Mmoja mmoja wakachuchumaa kumsaidia.

"Jiwe likiwa mkononi mwako linakwambia kidogo," aliniambia. "Likiwa pale lilipolala linakwambia mengi. Na ni mali ya nchi, fundi, sheria haikuruhusu kujikusanyia. Ungeniita ile siku ya kwanza, ningekuja hata kwa miguu."

Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Aliondoka na ramani nzima, kwa kuwa kuyatoa mawe kungeyavunja, watu wawili wakaibeba na jina langu likitazama juu.

Mwaka uliofuata nilikuwa nachimba msingi ploti ya jirani, jiwe jeusi likatokea. Nikaweka sururu chini, nikawatoa wote shimoni, nikaenda kumpigia simu Madam. Kontrakta alinitusi mbele ya watu, sikurudi shimoni. Madam akaja na wenzake, wana kamba na miiko midogo, wakaondoa udongo kidogo kidogo siku nne, na siku ya nne akaniita.

Vipande vilikuwa vimelala nusu duara, mamia, na katikati kulikuwa na mahali patupu.

"Miguu ya mchongaji ilikuwa hapa," akasema. "Alikaa akitazama kule."

Nikavua kofia. Fundi mwenzangu alikuwa amekaa pale, na huyu mama alikuwa amemtafuta kwa subira mpaka akampata, na mimi kwa asubuhi moja ningemfuta bila kujua alikuwepo. Tangu hapo nikikuta kitu ardhini siokoti, sioshi, sipeleki nyumbani. Naweka mikono mfukoni, namtafuta anayejua kuuliza.