Kofia ya Eustachy na Ndege Mwenye Mstari

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Eustachy aliipiga brashi kofia yake yenye beji ya ndege. Kofia ilikuwa safi kuliko shingo iliyoibeba. Alisomea habari za ndege siku mbili, akarudi na cheti kijijini kwake, kando ya mto Biebrza, akiwa anajua yote. Hata bata walimkoma.

Amri yake ya kwanza ilimwangukia dada yake, Walentyna, aliyefyeka nyasi za kinamasi nyuma ya nyumba tangu usichana wake. Fyekeo marufuku. Wodniczka, yule ndege mdogo adimu anayekuja kutoka Afrika Magharibi kila masika, eti anataka utulivu. Walentyna akasema ndege huyo hupenda palipofyekwa, nyasi zisipite goti wala maji kifundo cha mguu. Eustachy akamuuliza cheti chake kiko wapi.

Misimu mitatu ikapita, kinamasi kikamezwa na matete na vichaka. Ndipo wakaja wapenda ndege kutoka Warszawa, wakitafuta mtu wa kuwaongoza kila mwaka. Majirani walikwisha kutangaziwa na Eustachy kwamba kazi ni yake. Akawasimamisha wageni mbele ya vichaka, akanyoosha kidole kama anayegawa ardhi. Juu ya tete palikuwa na ndege wa kahawia, mwenye michirizi mgongoni na nyusi nyeupe. Kamera zikalia.

Walentyna alikuwa akianua nguo.

"Kaka, huyo hana mstari kichwani."

"Mstari gani tena? Wewe anua soksi zako, dada."

"Wa manjano, katikati ya utosi, kama mtu aliyechanwa nywele njia. Huyo ni binamu yake tu, amejaa mpaka mitaroni. Wodniczka mwenyewe umemfukuza kwa vichaka vyako."

Mmoja wa wageni, daktari wa meno, akatazama kwa darubini kama anayekagua jino bovu. Akasema mama anasema kweli, akauliza wa kweli yuko wapi. Walentyna akaonyesha kwa jirani, palipofyekwa mwaka uliopita: wangoje hadi jua likaribie kuzama, wasikilize mkwaruzo mkavu, kisha miluzi miwili mitatu. Wakamfuata wote, hata kijana aliyekuwa akimbebea Eustachy darubini.

Wakamwona, na mstari wake. Waliporudi wakimwomba Walentyna awaongoze mwakani, Eustachy alikuwa mezani akipiga brashi kofia. Akaivaa. Akasema anakwenda kwa watu wanaojua maana ya cheti, akatoka, akipenya kwa shida kwenye vichaka alivyovilinda mwenyewe, na hajarudi.