Kongosho la Baba

Mwaka ule baba alipoanza kupungua, sisi tulifurahi. Ilikuwa Ramadhani, na pale Mzenga kila aliyemwona alisema funga imemkubali, kitambi kimekwisha, anakwenda msikitini mwepesi kama kijana. Idi ikapita, Mfungo Mosi ukapita, naye akaendelea kupungua. Tukasema ni kazi ya shamba. Tumbo lilipoanza kumchoma mpaka mgongoni tukasema ni vidonda vya tumbo, tukamnunulia dawa dukani. Macho yalipogeuka manjano ndipo tulipompeleka hospitali.

Daktari aliyetupa habari ya saratani alinichorea kongosho nyuma ya karatasi. Nadhani alinihurumia, maana nilimwambia kwa kiburi kwamba mimi ni mwalimu wa baiolojia.

"Basi utanielewa," alisema. "Hizi ndizo seli zinazotengeneza maji ya kumeng'enya chakula. Kongosho likiumia na kuvimba, baadhi yake huacha kazi hiyo na kujigeuza, zikafanana na seli za kwenye mirija. Ni kujihami tu. Uvimbe ukiisha, hurudi zilivyokuwa."

"Na zisiporudi?"

"Ndiyo shida yenyewe. Seli ikiwa na hitilafu kwenye vinasaba vyake, inaweza kubaki vilevile ilivyojigeuza. Inazaliana, hitilafu nyingine zinajipachika juu ya ile ya kwanza. Inaweza kuchukua miaka mingi, na mwenyewe anakula, analala, hana habari."

Tulimzika baba kabla mihogo aliyoipanda haijakomaa. Mimi nikabaki na ile miaka mingi. Nilikuwa nikisimama mbele ya wanafunzi, nachora seli ubaoni, huku najiuliza ilianza lini. Pengine seli ya kwanza iligoma kurudi siku ile baba aliponisindikiza kwenda chuo, begi langu kichwani mwake, akinitania kwamba nimejaza mawe. Wanasema usilolijua ni usiku wa kiza. Mimi nilikuwa najua, na kujua kwenyewe ndiko kulikoninyima usingizi.

Mwaka huu, wiki moja baada ya Idi, jirani yetu wa Mzenga alinipigia simu kunisalimu. Katika kuagana akasema, "Dada yako naye kapungua kweli. Funga ya safari hii imemkubali."

Nilikaa kwenye ngazi za darasa. Dada ndiye mtoto wa kwanza wa baba, ndiye aliyebaki kwenye nyumba ile na shamba lile. Nilimpigia saa ile ile, nikamwambia aje kwangu Mkuza, twende hospitali. Aligoma siku tatu. Ana palizi, ana kuku, ana kila kitu isipokuwa nafasi. Nikamfokea, na mimi simfokei dada yangu. Akaja.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Haya, nimekuja. Nitazame basi, nina nini?"

Nilimtazama, nikakuta kiuno kimejaa, gauni limembana vizuri. Nilicheka kwa furaha, nikamlaani yule jirani kimoyomoyo. Lakini alipokaa kwenye mbuzi kukuna nazi, bangili zake zikawa zinateleza mpaka karibu na kiwiko. Nikaacha kucheka.

Asubuhi tulikwenda hospitali ya Tumbi. Njia nzima nilimhubiria kama mtoto wa kidato cha kwanza. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilimwambia. Sisi ni watu wa ajabu, nilimwambia, mtu akikonda tunampongeza. Yeye alikuwa ananitazama tu ninavyopandisha suruali na kuendelea kuhubiri.

Kwenye mizani, muuguzi alimwomba apunguze nguo. Dada akageukia ukutani. Akafungua kanga moja kiunoni, akaikunja. Akafungua ya pili. Akafungua ya tatu, ambayo alikuwa ameikunja mara mbili kabla ya kuifunga. Kila kanga ilipotoka, gauni lilishuka, na mwisho likabaki linaning'inia mabegani. Nilimwona baba pale, mgongo wake hasa, na nikashikwa na hofu kiasi kwamba nilitaka kutoka nje.

"Nisingekuja hivi hivi," alisema bila kunitazama. "Ungelia njiani, watu wakuone."

Walimtoa damu. Sukari ilikuwa juu, na hajawahi kuwa na kisukari maishani mwake. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alisema sukari mpya kwa mtu wa umri wake anayekonda inaweza kuwa kisukari cha kawaida, lakini kwa sababu ya baba hawezi kuiacha hivyo. Lazima kongosho lipigwe picha. Akaandika karatasi. Dada aliipokea kwa mikono miwili, kanga zake tatu zikiwa mapajani.

"Na wewe mwalimu," daktari akasema, "ni mtoto wa mzee huyo huyo?"

"Ndiyo. Ila mimi mzima," nilijibu haraka. "Natembea kila asubuhi, ni miezi kadhaa sasa. Nimepungua vizuri tu, hata walimu wenzangu wananisifu."

 Daktari aliweka kalamu mezani. Nilisikia maneno yangu upya, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye suruali kuipandisha.

Dada aliuona. Alinyoosha mkono, akaushika mkanda wangu pale nilipotoboa tundu jipya kwa msumari, na kidole chake kikakuta la pili, pembeni yake.

"Vua viatu, mdogo wangu," alisema. "Mizani ile pale."

Nikainama kufungua kamba. Fundo likanikatalia, ikabidi dada apige magoti anifungulie.