Kitambaa cha Mama Mkwe na Prosesa Yangu

Nilijifunza kupoza mashine kwa hewa katika kijiji cha ujamaa, miaka mingi kabla sijaiona kompyuta. Mkutano wa kijiji ulinipa kazi ya kutunza mashine ya kusaga kwa sababu mimi peke yangu nilikisoma kitabu cha maelekezo hadi mwisho, pamoja na kurasa za Kijerumani nisizozielewa. Injini ile haikutumia maji. Ilikuwa na mapezi ya chuma ubavuni na feni iliyopuliza hewa katikati yake. Niliandika saa zake za kazi kwenye daftari. Siku moja nilikwenda Tabora kufuata mkanda mpya, na kina mama waliokuwa kwenye foleni wakagundua kwamba hewa inayotoka ubavuni mwa injini ni ya moto na inakausha khanga vizuri sana. Niliporudi, injini ilikuwa imevaa khanga saba na ilikuwa imekufa. Kijiji kizima kiliniambia kwamba ilikufa kwa baridi.

Nasimulia hayo ili ieleweke kwamba nilipokuwa mtu mzima, nikaamua kuiongezea kasi kompyuta kuukuu iliyokuwa sebuleni kwangu mjini, sikuwa mtu wa kubahatisha.

Prosesa yake, yaani kile kidude kinachopiga hesabu zote, ilitengenezwa kwenda megahezi mia tatu. Nilisoma katika jarida lisilo na jalada kwamba nyingi za aina ile huweza kwenda mia nne na hamsini, mradi zipate hewa. Prosesa ikienda mbio hutoa joto zaidi. Joto likizidi, kwanza hukosea hesabu, kisha kompyuta hujizima, na mwenye kiburi anayeiwasha tena na tena huishia kuizika.

Kwa hiyo nilianza na vumbi, nililolitoa kwa brashi ya kunyolea. Kati ya prosesa na bapa la mapezi lililo juu yake hupakwa dawa ya kupitisha joto. Ya zamani ilikuwa imekauka, nikaibandua na kupaka mpya, nyembamba kama siagi ya mtu bahili. Niliufungua ubavu wa kasha, nikaiweka meza kwenye dirisha la mashariki unakotoka upepo wa kiangazi, na mbele yake nikaweka feni ya mezani. Volti sikuigusa. Nilipandisha kasi hatua moja, nikaipa hesabu ngumu kwa saa mbili, nikaandika joto. Kisha hatua ya pili, kisha ya tatu. Kufikia mia nne na hamsini joto lilikuwa nyuzi hamsini na mbili. Nikaweka king'ora kipige mlio likifika sitini.

Haraka yote hiyo ilitokana na harusi ya binti yetu. Mama mkwe alikuwa na safari ya Ujiji kwa dada yake, aliyevunjika nyonga akashindwa kuhudhuria, na nilikuwa nimeahidi kupitia mke wangu kwamba atapelekewa harusi nzima kwenye diski. Picha za video zilikuwa ndani ya kompyuta tayari. Kuzigeuza zichezeke kwenye deki kungechukua saa kumi na tano kwa kasi ya zamani, na saa kumi kwa kasi mpya. Mama mkwe tulimtarajia Jumapili. Ijumaa, saa moja asubuhi, nikasikia sauti yake mlangoni: amepata lifti ya lori la tumbaku, na ataondoka na treni ya jioni hiyo hiyo, saa kumi na mbili.

Nilipiga hesabu, nikaianzisha kazi, nikakimbia kwa mlango wa nyuma.

Kukimbia huko si utovu wa adabu. Kwa desturi ya kwetu Unyamwezi, mwanamume hakai chumba kimoja na mama wa mkewe wala hamtazami usoni. Wengi mjini wameiacha desturi hiyo, lakini mama mkwe hakuwa wa mjini. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa niliijua sauti yake, na mgongo wake kiasi. Alipoambiwa kwamba harusi imo ndani ya kisanduku kile, aliketi kando yake ili ailinde. Mimi nikarudi kwa nyuma, nikaketi kwenye ushoroba, nyuma ya pazia la mlango wa sebule, juu ya kigoda, na daftari langu.

"Shikamoo, mama," nilisema nikiutazama ukuta.

"Marahaba, baba." Kisha akamgeukia mke wangu. "Mwanangu, mbona mashine ya mumeo iko wazi hivi? Utumbo wote nje."

"Mwambie inahitaji hewa," nilinong'ona.

"Anasema inahitaji hewa, mama."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Nani asiyehitaji hewa? Mimi nahitaji hewa, na nimevaa."

Mke wangu alikuwa anapika huku akiwa macho yangu. Kila nusu saa nilimwomba anisomee joto.

"Mikono ina unga," alisema mara ya tatu.

"Soma kwa macho, mama watoto."

"Hamsini na moja. Ukiniita tena kabla ugali haujaiva, utakula namba."

Saa nane mchana alikwenda sokoni kununua mikate ya safari. Alikuwa hajafika mbali nilipomsikia mama mkwe akilalamika kwamba upepo unamwingia magotini, kisha feni ya mezani ikazimwa. Muda si mrefu ile feni ndogo iliyo juu ya prosesa ilianza kuvuma kwa nguvu, kama inavyopasa joto likipanda.

"Maskini, inatetemeka," alisema peke yake. "Na mjukuu wangu yumo ndani."

Nilisikia kapu likifunguliwa. Nilijua kilichomo, kwa sababu mke wangu alikuwa amekisifia asubuhi: kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye mawaridi mekundu, kipana kiasi cha kufunika kabati. Baadaye kidogo king'ora kikalia.

Nyumbani tulikuwa wawili tu, na hapakuwa na mtu wa kumtuma. Mashine ikijizima sasa, kazi ya saa saba inapotea, na treni haitasubiri saa kumi nyingine.

"Ewe pazia," nikasema, "mwambie mama aondoe kitambaa. Mashine inaungua."

"Pazia, mwambie baba haiungui, inalia. Mtoto akilia kwa baridi utamvua nguo?"

"Pazia, mwambie mama ile mashine ya kusaga ya kijiji ilikufa hivi hivi. Kwa khanga."

"Pazia, mwambie ilikufa kwa baridi. Na alijuaje ni khanga, naye siku hiyo alikuwa Tabora?"

"Nilizikuta. Saba."

King'ora kiliendelea kulia. Kisha mama mkwe akasema, safari hii bila kumpitia pazia, "Moja ilikuwa yangu."

Nilikuwa nimelisubiri jibu hilo kwa miaka isiyopungua ishirini na minane.

"Wanawake tulikaa kikao, tukaazimia kwamba ni baridi," akaendelea. "Sasa hapa kibonyezwe kipi?"

"Ondoa kitambaa, mama, uwashe feni."

"Feni nimeizungusha kitu, kimetoka mkononi. Ingia mwenyewe."

"Siwezi kuingia, mama. Upo."

"Nitajifunika. Ingia."

Niliingia. Mama mkwe alikuwa ameketi wima juu ya kochi, amejifunika kitambaa kile toka kichwani hadi kiunoni, waridi moja likiwa juu ya pua. Kitambaa kilikuwa kimoja tu. Kwa kuwa alikivaa yeye, mashine ilibaki uchi, jambo nililokuwa nikiliomba tangu asubuhi. Nilikirudisha kitufe cha feni, nikaiwasha, nikampelekea blanketi la magoti huku nikirudi kinyumenyume. Kiooni palisomeka sitini na tatu. Nilisoma namba kwa sauti: sitini na moja, hamsini na nane, hamsini na nne.

"Imeshuka?" kitambaa kiliuliza.

"Imeshuka, mama."

Nikapiga hatua kuelekea mlangoni.

"Usitoke," akasema. "Ukitoka nitaifunika tena. Najijua."

Nikaketi, nimempa mgongo. Mke wangu aliporudi na mikate alimkuta mama yake amejifunika kitambaa kama shela na mumewe ameelekea ukutani.

"Jamani," akasema, "nani amekufa?"

"Nusura mashine," nikasema.

Kazi ilikwisha saa kumi na moja na dakika nane. Nilichoma diski, nikaiandika kwa wino usiofutika, mke wangu akampeleka mama yake stesheni. Huko waliambiwa kwamba treni imechelewa, itaingia asubuhi. Nilipiga hesabu tena kwenye daftari: kwa megahezi mia tatu ningemaliza saa nne za usiku, na mama mkwe angekuwa bado amekalia kapu lake. Niliichana karatasi hiyo. Kitambaa alituachia, na mpaka leo kiko kwenye kiti cha wageni, mbali na dirisha.

Baada ya siku nne alipiga simu kutoka Ujiji. Dada yake ameitazama harusi mara tatu na amelia mara tatu. Ila kuna mahali, kama sekunde tano hivi, bibi harusi anakata keki na ghafla uso wake unakuwa wa kijani na pua inahamia shavuni. Nilielewa mara moja: ni zile nyuzi sitini na tatu, prosesa ilikosea hesabu. Nilimwomba mke wangu amweleze mama kwamba hilo ni kosa la joto na kwamba namwomba radhi dada yake.

Mke wangu alisikiliza jibu, akaufunika mkono wa simu kwa kiganja.

"Mama anasema usijisumbue, ameshamweleza," akaniambia. "Hapo ndipo mtoto alipopata baridi."